Sala za Radi

Watu walimwita Radi tangu ujana wake, na jina likamkaa kama koti lililopimwa mwilini. Alipiga gitaa la umeme katika bendi ya muziki wa roki, na bendi hiyo ikianza kazi, vioo vya ukumbi vilitikisika na waliolewa wakalevuka. Dada yake alikuwa fundi cherehani, mjane, mwanamke wa maneno machache na yote yamenyooka, na muziki wa mdogo wake hakuupenda hata siku moja. Wala hakuficha. Mteja akianza kumsifia Radi, dada alichukua futi, akamwambia anyooshe mikono, akamuuliza kama amekuja kushonewa au kupiga soga.

Na yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Radi akiwa bado ana mapengo ya meno ya utotoni, na baba alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, halafu akawa wa kwenda tu. Dada alitoka shule kabla hajamaliza, akajifunza kushona kwa shangazi yao, akaweka cherehani dirishani katika chumba cha mbele, na kwa cherehani hiyo wakala, wakavaa, na mdogo mtu akasoma. Gitaa la kwanza Radi alipewa na fundi redio wa mtaani, likiwa limepasuka tumbo. Basi nyumba ikawa na kelele mbili, ya mguu wa dada na ya vidole vya mdogo wake, na kila mmoja akimwambia mwenzake apunguze.

Bendi ilipomchukua, dada alikwenda ukumbini mara moja tu. Alikaa nyuma kabisa, kitambaa amekishusha mpaka masikioni, na kabla wimbo wa pili haujaisha alikuwa nje anatafuta njia ya nyumbani. Radi alipomuuliza ameonaje, alimwambia amesikia mabati yakianguka. Radi alicheka, akamkumbatia. Lakini maneno yale aliyaweka. Wapo watu wanaoweka maneno kama wengine wanavyoweka vyombo vya wageni.

Ikapita miaka mingi. Radi akaota mvi, sauti yake ikawa kubwa hata akiomba chumvi, na bado kila mwisho wa wiki alisimama mbele ya spika zilizomzidi kimo, ngoma ziko nyuma ya kisogo chake. Mpiga ngoma alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyetangulia. Ini lilimharibika, akalazwa, akakonda mpaka pete zikawa zinamtoka zenyewe, na akamwomba Radi aje na gitaa wakati wa kuona wagonjwa. Wodini huwezi kufungulia spika. Radi alipiga hivyo hivyo bila umeme, sauti ya gitaa ikiwa kama ya mbu, ameuegemeza utaya wake juu ya ubao wa gitaa ili aisikie vizuri, na mgonjwa akigongagonga vidole kwenye chuma cha kitanda. Alasiri moja vidole viliacha kugonga. Radi aliendelea kupiga, maana hakutaka kuwa wa kwanza kujua.

Alimsimulia dada yake jambo hilo baada ya mazishi, amekaa kwenye kiti cha wateja na mikono katikati ya magoti. Alisema katika ile dakika aliyokuwa akipiga na rafiki yake ameshaondoka, chumba hakikuwa kitupu.

"Kulikuwa na mtu anasikiliza, dada. Si yeye, si mimi, si nesi. Anasikiliza mpaka nikaogopa kukosea."

Dada alikuwa mtu wa kusali tangu utoto, asubuhi na jioni, na hakuwahi kusikilizwa wazi namna hiyo. Aliona wivu kidogo, akauficha kwa kuinamia pindo la sketi.

Radi aliiacha bendi. Wenzake walimsimanga, wakasema Radi amegeuka mshumaa, akikohoa mtu atazimika. Yeye alirudi kwa dada yake na begi moja na gitaa, akaingia chumba cha uani kilichopakana na chumba cha kushonea, akasema atatoa albamu yake mwenyewe, ya kwanza, ya sala tupu, na kwamba nyimbo zinamjia zimeshatengenezwa, kazi yake ni kuzipokea. Dada alimuuliza kama hizo sala nazo zitahitaji spika zenye kimo cha mtu. Radi hakumsikia. Siku hizo alikuwa hasikii mambo mengi: ukimwita haitiki, ukimuuliza hili anajibu lile. Mchungaji alipomtembelea akamkuta hivyo, alisema mtu huyu yuko katika tafakuri, asisumbuliwe.

Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa wa mbao nyembamba. Radi alitunga mchana, bila umeme, kama alivyopiga wodini. Na upande wa pili, dada aliyekuwa ameapa kutoupenda muziki wa mdogo wake akaanza kujikuta mguu umesimama kwenye kanyagio. Ulikuwapo wimbo wa mtu aliyepiga magoti na hajui aombe nini. Ulikuwapo wa wodi, polepole, wenye nafasi wazi ndani yake pale vidole vilipoacha kugonga. Na ulikuwapo wa mama yao, ambao Radi aliuimba kwa sauti ya chini kana kwamba anaogopa kumwamsha. Siku ile dada alibaki na uzi mdomoni hajaukata, na mteja aliyeingia kuchukua gauni alidhani amepata habari ya msiba.

Hakumwambia Radi kitu. Kumsifia kungekuwa kuyameza maneno ya miaka mingi kwa mkupuo, na yeye hakuwa mwepesi wa kumeza.

Nyimbo zilipokamilika Radi alikwenda studio, kwa fundi mitambo aliyewahi kuitumikia bendi yao, akarekodi, na kazi ya kupanga sauti, ipi ipande na ipi ishuke, akasema ataifanya kwa mkono wake. Aliporudi alikuwa amechoka na macho yanang'aa. Mipango ikafanywa: rekodi itapelekwa kudurufiwa Ijumaa, Jumapili albamu izinduliwe kanisani mbele ya watu wote. Kabla ya hapo alitaka wachache waisikie. Wakaja chumba cha mbele mchungaji na waimbaji watatu wa kwaya, dada akasogeza vitambaa, viti vikapatikana, Radi akawasha.

Kilichotoka kwenye zile spika dada hakukitambua. Gitaa lilikuwa waya unaokwanguliwa juu ya bati. Kila neno lenye herufi ya "s" lilichachatika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Sauti ya mdogo wake, ile ya chini aliyoisikia ukutani, ilikuwa imechongwa ikawa sindano, inaingia sikio la kulia na kutokea la kushoto. Mama mmoja wa kwaya alibana macho mpaka machozi yakamtoka. Radi aliyaona machozi, akainamisha kichwa kwa shukrani.

Ulipofika wimbo wa mama, dada aliondoka akaenda jikoni, akasimama ameshika ukingo wa sinki. Hakulia. Alikuwa anautafuta wimbo. Ulikuwamo, alijua umo, lakini kila akiunyemelea, ile sindano inamchoma.

Huko chumba cha mbele mchungaji alikuwa anasema sala hizi zinapenya mioyo. Wale wa kwaya wakaitikia kuwa kweli zinapenya. Hawakuwa wanafiki, waliambiwa nyimbo zimeshuka, na nani atasema kilichoshuka kimemuumiza masikio? Wakaondoka wakipapasa vichwa vyao.

Radi akaja jikoni.

"Umetoka kwenye wimbo wa mama."

"Nimetoka."

"Ulilemewa?"

"Masikio yaliniuma."

Alimtazama mdomo, akamwomba arudie. Akarudia.

"Miaka yote umeuita muziki wangu mabati," Radi akasema. "Nikasema sawa, ule ni wa walevi. Huu sikuutunga, dada. Huu nimepewa. Nao ni mabati?"

Hapo palikuwa na jibu jema, na dada alilijua: nyimbo ni nzuri, sauti ndiyo imeharibika. Lakini alikuwa na maumivu ya kichwa, na ulimi wake haukuzoea kugawa jambo vipande viwili.

"Ndiyo, baba. Huu nao."

Radi alikwenda chumba cha uani, akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu ulimuuma dada kuliko kama angeubamiza. Kuanzia hapo walikuwa wanapishana koridoni kama wapangaji wasiojuana.

Lilikuwapo birika, zawadi ya mteja mmoja, la aina ile yenye filimbi mdomoni. Maji yakichemka linalia mpaka ulitoe jikoni. Alhamisi dada alikuwa ametoka kupeleka sare za wahudumu wa hoteli, na alilisikia tangu kwenye kona ya mtaa. Akaongeza mwendo. Alipofika mlango wa jikoni alimkuta Radi amekaa kwenye stuli, birika liko nyuma ya bega lake karibu na kugusa, linalia kwa nguvu zake zote, ukuta umelowa mvuke, naye anakaza nyuzi za gitaa huku anatabasamu peke yake.

Kwanza alikasirika. Alidhani anamfanyia kusudi. Akapita nyuma yake, akalitoa birika; likanyamaza. Akalirudisha, likalia. Akalitoa tena. Mabega ya mdogo wake hayakutikisika hata mara moja. Kilichomgutusha Radi ni kivuli cha dada yake sakafuni, akageuka, akasema kwa ile sauti yake kubwa kwamba hakujua kama amerudi.

Dada alisema amerudi. Akaenda chumbani, akakaa juu ya kitanda na kitambaa cha kichwa mkononi. Mambo yote ya miezi ile yalimjia moja moja: kuitwa asiitike, kuomba chumvi kwa kelele, kumtazama mtu mdomo. Halikuwa jambo la tafakuri. Mtoto aliyemlea alikuwa amekuwa kiziwi wa sauti nyembamba chini ya paa lake, na yeye alikuwa anamwona mwenye maringo ya kiroho.

Hakupoteza wakati. Alikwenda moja kwa moja studio. Fundi mitambo alikuwa kijana aliyeanza kwa kubeba nyaya za bendi, na alipomwona dada amesimama mlangoni bila kupiga hodi wala kukaribishwa, alijua. Alikiri bila kubanwa. Alisema nyimbo alizipanga vizuri mara ya kwanza. Radi alizisikiliza, akasema zimekufa, akashika mitambo mwenyewe, akapandisha sauti nyembamba, akasikiliza, akapandisha tena, macho amefumba na machozi yanamtiririka.

"Mama, ningemwambia nini? Mtu analia, anasema ndivyo zilivyomshukia. Mimi nani nimkosoe Mungu kwenye mashine yangu?"

"Mungu hakugusa mashine yako," dada akamwambia. "Aliyegusa ni kiziwi."

Kijana aliinama kama amepigwa kofi. Rekodi bado alikuwa nayo. Angeweza kuipanga upya, lakini si bila ruhusa ya mwenyewe, na kesho yake ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Dada alirudi nyumbani ametoka jasho jembamba. Alipiga moyo konde, akajaza birika, akaliweka jikoni, akamwita mdogo wake kwa kumgusa bega. Akamwambia akae, alitazame birika, likianza kulia ainue mkono. Radi alidhani dada yake anatafuta njia ya kupatana, akakubali kwa uso wa mtu anayecheza na mtoto. Wakakaa. Aliuliza kama kuna sukari. Dada akaitikia kwa kichwa kuwa ipo. Mvuke ulikuwa umeshaanza kutoka, kwanza mwembamba, sasa mwingi, na Radi akawa anautazama, mkono uko gotini.

Upande wa pili wa ukuta wa jikoni aliishi dereva mstaafu, mwenye sauti nzito kama injini aliyoiendesha. Ukuta ukagongwa.

"Jirani, hilo birika linawaita au linawatukana? Litoeni, bwana, nina kichwa."

Sauti hiyo Radi aliisikia, maana ilikuwa nene. Aligeukia ukuta, akageukia birika, akamgeukia dada.

"Linalia?"

Dada akakubali kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouliza sukari."

Alinyoosha mkono, akaishika filimbi. Ilimuunguza, na hakuuondoa mkono haraka. Dada ndiye aliyeutoa, akautia chini ya bomba. Walisimama hivyo, maji yanatiririka, na Radi akauliza, safari hii bila ukali, siku ile chumba cha mbele alisikia nini hasa. Dada alimweleza: kisu kinakwangua sufuria, na nyuma yake, mbali, mtu anasali. Radi akasema labda. Lakini dada hakuwahi kuupenda muziki wake. Atajuaje kuwa si chuki ya zamani inayosema?

Dada hakuwa na cha kumwonyesha ila kimoja. Alimgeuza uso umwelekee, akauimba wimbo wa mama. Aliimba vibaya, sauti ya mwanamke aliyeishi na pini mdomoni, ya chini, lakini maneno yote aliyajua na mahali pa kutua alipajua. Radi alimtazama midomo mpaka mwisho.

"Ulikuwa unanisikiliza."

"Mguu ulikuwa unasimama wenyewe."

Kingekuwa kisa cha kufurahisha kingeishia hapo. Lakini Radi alikaa kwenye stuli, mkono umefungwa kitambaa, akafikiri, na alipofungua mdomo sauti ilimtoka ndogo kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Na yule aliyekuwa anasikiliza wodini, dada? Ule ukimya niliousikia. Huenda ni sikio tu, lilikuwa linakufa."

Dada alitamani kusema sivyo. Aliyafungua maneno mengi moyoni, ya kitabu na ya mchungaji, akaona hakuna hata moja alilo na haki ya kumpa.

"Hilo sijui," akasema. "Ninalojua ni kwamba nyimbo ni nzuri."

Ijumaa walikwenda studio wote wawili. Fundi mitambo alimwomba dada akae karibu naye, kwa kuwa ndiye pekee aliyezisikia zilivyokuwa kabla ya mashine. Dada alisema yeye hajui mitambo. Akaambiwa aseme tu kinachomchoma na kinachopotea. Basi akakaa na mkoba mapajani, akawa anasema huko kumekaza mno, hapa legeza, hapo acha, na kijana akafuata. Radi alikaa nyuma yao kwenye kochi lililochanika, anatazama migongo yao. Hakuna aliyemtania. Ulipofika wimbo wa wodi, ile nafasi wazi ikasikika wazi, na fundi mitambo, aliyewahi kumbebea marehemu ngoma zake, alitoka nje kidogo.

Kazi ilipokwisha walimvisha Radi spika za masikioni. Alisikiliza wimbo wa kwanza, akasikiliza wa pili. Uso wake haukubadilika. Alizivua.

"Ni kama mtu anaimba nyumba ya tatu, na mlango umefungwa," akasema. "Hizi si zangu."

Alisimama, akasogea kwenye mitambo. Kijana akampisha, kwa mazoea ya heshima. Mkono wenye kitambaa ulikwenda mpaka kwenye kile kitufe cha sauti nyembamba na vidole vikakaa juu yake. Ilikuwa albamu ya mdogo wake. Jina lake, sala zake, na kama angetaka kuipeleka kanisani na kisu chake ndani, hakukuwa na wa kumzuia. Dada alisikia kochi likirudi juu polepole pale Radi alipokuwa amekaa.

Radi aliuondoa mkono, akautia kwapani kama mtu mwenye baridi.

"Iende hiyo," akasema. "Msiniulize tena."

Jumapili kanisa lilijaa. Wenzake wa bendi walikuja, wamevaa mashati ya heshima yasiyowatosha, wakakaa karibu na mlango. Radi aliketi mstari wa mbele pembeni ya dada yake. Zilipoanza kupigwa zile nyimbo, yeye alipata mngurumo wa besi kwenye miguu ya kiti na kitu kama mnong'ono juu yake, basi. Akageuka kuwatazama watu. Hakuna aliyebana macho. Yule mama wa kwaya alikuwa ametulia, mdomo wazi kidogo. Wale wa mlangoni walikuwa wanatazama viatu vyao. Kilikuwa kitu kikubwa kilichokuwa kinatokea ndani ya jengo lile, kila mtu yumo, ila aliyekileta.

Alimwinamia dada yake. "Sasa ni wimbo gani?" akauliza, na kwa kuwa hakujua kipimo cha sauti yake, walioketi viti vitatu nyuma walisikia na mtu mmoja akacheka kidogo kwa kutojua.

Dada alimgeukia. "Wa mama," akasema kwa midomo, bila sauti.

"Ukoje?"

Maisha yake yote hakuwahi kutafuta neno la kuusifia muziki wa mtu huyu, na sasa alilitafuta akalikosa. Akaanza tu kumwambia kinachopita. Gitaa limeingia, peke yake, taratibu. Sasa unaimba. Sasa unamwita. Umenyamaza kidogo. Unamwita tena. Radi alikuwa anaisoma midomo ya dada yake na kuitikia kwa kichwa, akiupokea wimbo wake kipande kwa kipande, nyuma kidogo ya watu wengine wote.